Madebe Yaliyobaki Bombani

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, upepo haukuwapo, na masika yalikuwa yamechelewa. Vumbi la Temeke lilikuwa limeingia mpaka ndani ya vyungu.

Siku hiyo Felicitas, mke wa Fransis, mpagazi wa bandarini Kurasini, alivunjwa taya bombani. Zamu yake ilikuwa imefika. Kijana mmoja wa Nassibu, mlinzi wa bomba, alilisukuma debe lake kwa mguu ili mkokoteni wa muuza maji, aliyempa Nassibu chochote, upite mbele. Felicitas akalirudisha. Kijana akalisukuma tena. Felicitas akalirudisha, safari hii akalikalia. Kijana akainua debe la mtu mwingine, lenye maji nusu, akampiga nalo usoni.

Mwinshehe alitoka mbio kwenye kibanda chake cha ufundi bati, ng'ambo ya njia, nyundo ikiwa bado mkononi. Alimpiga yule kijana begani, naye mwenyewe akapigwa rungu la shingo kutoka nyuma na kijana mwingine wa Nassibu, akaangukia kwenye tope la bombani karibu na Felicitas. Wanawake waliwakokota wote wawili.

Mwinshehe alikuwa Mzaramo wa Mbagala, mfupi, mwenye kifua kipana. Ufundi alijifunza mjini kwa Mhindi mmoja aliyemchapa kwa ukanda kila alipoharibu bati. Ujanani alikuwa mtu wa ngumi. Jino la mbele lilimtoka ngomani, na aliyelitoa alitokwa na mawili. Watu wa mtaa walimchagua kuwa diwani wa baraza la kata kwa sababu hiyo hiyo. Walitaka mtu asiyeogopa. Alipoingia barazani aligundua kwamba kule ngumi hazina kazi. Kwa kila alilolisema aliulizwa swali moja: unajuaje?

Aliulizwa tena Jumatano. Alikuwapo Mzungu wa maji kutoka manispaa, pamoja na karani wake Revelian, kijana wa Bukoba, aliyekuwa akitafsiri.

"Bwana anasema bomba la Temeke halina shida," alisema Revelian. "Mlinzi ameleta taarifa. Anafungua alfajiri, anafunga maji yakikatika, na kila mtu anapata."

"Mke wa Fransis kapata taya lililovunjika."

"Hiyo ni kesi ya polisi, mzee. Bwana anauliza habari ya maji. Utapimaje kwamba hayawafikii watu?"

Mwinshehe alijikuna shingo, palipokuwa bado pamevimba. Temeke hakuna aliyekesha bombani. Baada ya magharibi mtu alipeleka debe lake, akalipanga nyuma ya la mwenzake, akarudi kulala. Debe lilikuwa ndiyo mtu mwenyewe. Kulisogeza kulikuwa sawa na kumsukuma mwenye nalo, na watu walikuwa wametoana damu kwa ajili hiyo.

"Mwambie aje Jumamosi, Nassibu akishafunga," alisema. "Aangalie madebe matupu yaliyobaki. Kila debe ni nyumba moja iliyokosa maji."

Mzungu alilipenda jambo hilo. Alisema akikuta foleni ya kweli, mlinzi ataondoka na bomba la pili litaombewa fedha. Akikuta hila, asisikie tena habari ya maji kutoka kata hiyo.

Mwinshehe alikwenda kuyasema hayo kahawani, kwa sauti, mbele ya watu wote. Hapo ndipo alipokosea.

Ijumaa jioni watu walijitokeza kumsaidia diwani wao. Aliyekuwa na debe moja alileta matatu. Watoto walitumwa jalalani. Fransis, aliyekuwa hajalala vizuri tangu mkewe afungwe taya kwa kitambaa, alibeba madebe manne kwa mti begani kama mzigo wa meli. Nassibu aliketi mlangoni pa kibanda cha bomba akiwatazama. Alisema tu, "Karibuni, karibuni. Pangeni vizuri."

Jumamosi, kabla ya saa sita, Nassibu alifunga bomba, akatangaza kwamba maji yamekatika, akaenda barabara kuu kumlaki Mzungu. Mwinshehe alitoka kuitazama foleni. Ilipita msikiti, ikapita duka la mkaa, ikapinda. Alifurahi. Kisha akaliona debe moja alilolijua. Alikuwa amekataa kulitia lehemu mwezi uliopita, kwa kuwa kitako chake kilikuwa kama chujio. Akaliinua, akaona mwanga chini yake. Akainua la pili, na la tatu. Ndipo alipoelewa kwa nini Nassibu aliwakaribisha watu.

Akaanza kuyatoa. Kila lililotoboka alilitupa kwenye shimo la udongo wa kukandikia, nyuma ya foleni.

"Fundi, unafanya nini?"

"Mabovu yatoke. Mzungu akitia maji haya, tumekwisha."

"Hakuna atakayetia maji, bwana. Acha yahesabiwe."

"Nassibu atatia."

"Nassibu kakulisha nini, diwani?" aliuliza mtu kutoka nyuma, na wengine wakacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa kizuri.

Alipofika kwenye madebe ya Fransis, Fransis alikuwa amesimama mbele yake.

"Hayo ni ya mke wangu."

"Mwanangu, la mke wako ni moja. Haya mengine yanavuja."

"Taya lake nalo linavuja. Usiyaguse, mzee."

Mwinshehe akalishika moja. Fransis akamnyang'anya lile debe, akampiga nalo. Mwinshehe alijikinga kwa mkono wa kulia, na ukingo wa bati ukavishukia vidole. Akalikamata debe kwa mkono wa kushoto, akalitupa shimoni, akaenda la pili. Wakamwangukia watu wengi. Walimpiga kwa ngumi na kwa visigino vya ndara, majirani hao hao waliomchagua, na mmoja alikuwa akilia huku anapiga. Alipoanguka aliendelea kutambaa, akiinua kila debe kuelekea jua na kuyatupa mabovu.

Mkewe Hamisa alikuja na mchi wa kinu. Alimpiga wa kwanza mgongoni, wa pili kwenye goti, akasimama juu ya mumewe.

"Nani anataka kutwangwa?" aliuliza. "Baba Somoe, maliza kazi yako. Mie nipo hapa."

Mwinshehe akaimaliza. Foleni ilikuwa imerudi mpaka msikitini.

Nassibu alifika na Mzungu na Revelian, akakuta watu wamesimama kando ya madebe yao, wengine wanavuja damu. Hakutazama shimoni. Alionyesha madebe.

"Makopo ya jalalani haya, bwana. Wamekuja kukudanganya."

Revelian akatafsiri. Mzungu akasema aonyeshe.

Nassibu akafungua kufuli, akafungua koki, akajaza debe la kwanza. Halikuvuja. Akajaza la pili. Bibi mwenye debe la kwanza akaja, akajitwika, akasema, "Ahsante, baba," akaenda zake.

Nassibu akajaza haraka zaidi, akitafuta tundu.

"Na langu, Nassibu," alisema mwanamke mwingine. "Naona kama linavuja."

"Langu linavuja zaidi. Lijaribu mpaka juu."

Revelian alimtazama Mzungu aliyekuwa akisema naye kwa sauti ya chini, kisha akageuka. "Bwana anauliza. Njiani ulimwambia maji yamekatika. Haya yametoka wapi?"

Mkono wa Nassibu ulikuwa bado juu ya koki, na maji yalikuwa yanamwagika miguuni pake. Mzungu alinyoosha mkono kuomba ufunguo.

Yule kijana aliyemvunja Felicitas taya alijaribu kupenya kati ya wanawake. Fransis alimdaka, akamtia kichwa kwenye tope, akamkandamiza kwa magoti mpaka mapovu yakaanza kutoka. Mwinshehe ndiye aliyemvuta Fransis kwa ukosi wa shati, kwa mkono mmoja, akisaidiwa na mchi wa Hamisa. Askari walipofika, kijana alikuwa anatapika udongo.

Mzungu alitembea foleni yote mpaka msikitini, akarudi, akaahidi kuliombea bomba la pili. Hakuuliza kwa nini diwani alikuwa na uso wa namna ile.

Usiku vidole vya Mwinshehe vilivimba, viwili vikakataa kabisa kukunjika. Hamisa alivifunga kwa kipande cha kanga.

Kesho yake asubuhi Mwinshehe alishuka shimoni, akalitafuta debe moja la Fransis, akalibeba kwa mkono wa kushoto pamoja na mkasi wa bati, mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Felicitas alikuwa kizingitini, taya limefungwa. Fransis alitoka.

"Shikamoo, fundi," alisema, macho chini.

"Marahaba. Keti ulishike hili. Mie leo mkono sina."

Fransis akaketi, akalikamata debe kwa magoti. Mwinshehe akaanza kulikata kitako kibovu, ili alitie kingine, kwa mkono wa kushoto, polepole, vibaya, bati likilia.