Mkataba Uliosomewa Fatiha

Baba yangu alijua kuandika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa akisomesha watoto Kurani chuoni, wino na kalamu havikukosekana nyumbani, na siku ambayo mstari mmoja tu ungetuokoa, hakuandika kitu.

Nyuma ya mikoko, kaskazini ya Bagamoyo, palikuwa na uwanda mweupe tukiuita jangwa. Kiangazi mama na wanawake wenzake walikwangua udongo wa juu, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha yale maji mpaka chumvi ikabaki chunguni. Watu wa Makurunge, na hata wa Lugoba huko mbali, walituletea mahindi na kunde tukabadilishana. Jangwa lile ndilo lililotulisha na kutuvisha. Upande wa kusini tu ndio uliokuwa wa kampuni ya Wazungu, kwa mkataba waliopewa na serikali kabla sijazaliwa.

Baada ya vita vya pili serikali ikazinduka kwamba imepunjwa. Chumvi inatoka kwa magunia, ushuru unaoingia ni wa kuchekesha. Ikawaita wenye kampuni, mkataba ukafunguliwa upya. Wale nao si wajinga. Wakasema sawa, ushuru tutaongeza, nanyi mtuongezee jangwa. Serikali ikapata chake, kampuni ikapata chake, na kilichogawanywa kilikuwa chetu.

Kabla ya kutia saini, mkuu wa wilaya, tuliyemwita Bwana Shauri, alikuja kutuuliza kama tuna neno. Wazee wakamkaribisha barazani kwa kahawa na halua. Nilikuwa uani nikiosha vikombe mama alipomwita baba pembeni, akamsihi asikubali lolote mpaka iandikwe kwamba upande wa kaskazini unabaki wa wanawake. Baba akamwambia asimfundishe kukaa na watu.

Bwana Shauri alisema waziwazi, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba wanawake hawatabughudhiwa. Baba akanyanyua mikono, ikasomwa Fatiha. Yule Mzungu akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka ikaisha. Loo, kofia ile! Wazee waliizungumza wiki nzima. Kwetu neno likishasomewa Fatiha limefungwa, hata posa hufungwa hivyo, na anayedai karatasi baada ya hapo amemtukana mwenzake. Mama alipouliza karatasi iko wapi, baba alimkaripia. "Unataka nimwambie mgeni wangu ni mwongo?"

Haikupita miezi mingi, seng'enge ikavutwa mpaka kwenye mikoko yenyewe. Wanawake wawili wakakamatwa, vyungu vyao vikavunjwa. Baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda bomani. Bwana Shauri tuliyemjua alikuwa amehamishwa. Huyu mpya alimpa kiti, akaufungua mkataba, akaupekua ukurasa kwa ukurasa, akasema humu hamna habari za wanawake. Baba akamwambia ilisomwa Fatiha. Yule bwana akamgeukia karani wake, akamuuliza Fatiha ni kitu gani.

Baba aliporudi alitusimulia yote bila kuficha, halafu akaenda kusalisha alasiri. Mimi nilikuwa nachemka. Nilitaka kumwambia, mtu mzima wewe, umetoa jangwa letu kwa sababu Mzungu kavua kofia! Adabu ndiyo iliyonizuia, adabu ileile iliyotumaliza. Alipokufa nilimsamehe mbele za watu, kama inavyotakiwa. Moyoni bado.

Kiangazi kilichofuata nilifuatana na mama hadi kwenye lango la kampuni, kuomba kibarua cha kukwangua chumvi. Karani akamsogezea karatasi atie dole gumba. Mama akakataa mpaka asomewe. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika, na karani akasema hao wote wametia bila kusomewa.

"Soma, mwanangu," mama akamwambia. "Mimi nina siku nzima."

Akasoma, kwa kununa, kutoka juu hadi chini. Karatasi ilisema kibarua haruhusiwi kutoka na chumvi, hata ya kutia mchuzini. Mama akaniangalia, kisha akatia dole. Jioni ile alinituma dukani nikanunue chumvi.