Jogoo Niliyemchinja Ujiji

Mwaka tuliovuka ziwa, Kigoma ilijaa wakimbizi hadi nikaanza kuwachukia watu. Nasema kweli, ingawa na mimi nilikuwa mkimbizi. Kwetu Kongo, milimani, nilikuwa msomaji kanisani, na kila Jumapili niliwahimiza wenzangu wampende jirani. Lakini jirani wa kwetu unamjua, na shamba lake unalijua. Hapa nilikuta nyuso juu ya nyuso, bandarini, sokoni, kwenye foleni ya maji, kila mmoja na msiba wake, nami nikawa napita nikisukuma kwa viwiko kama wao. Nilijiuliza Mungu anatukumbukaje mmoja mmoja. Jibu sikulipata, na subira ya kulingoja sikuwa nayo.

Aliyenikosesha raha ni mama yangu. Alikuwa amebaki ng'ambo, miguu imevimba, akisubiri chombo cha kumvusha. Kambini angelala chini kwenye unyevu, na niliogopa kwamba asingemaliza msimu wa mvua. Nilihitaji chumba kimoja tu chenye paa. Nilibisha hodi mtaa mzima wa Katubuka, nikajibiwa kwa upole kwamba nyumba imejaa, na kweli ilikuwa imejaa. Hatimaye huko Ujiji bibi mmoja mjane, Mwislamu, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Mlete mama yako, mwanangu," akasema. "Chumba cha uani kipo."

Mama alifika wiki iliyofuata kwa boti iliyopitia kijiji cha Mwamgongo. Nilimpokea ufukweni Katonga, nikambeba mgongoni hadi barabarani. Bibi alimpa maji ya moto ya kukanda miguu, akamwita dada. Nikaona nisiposhukuru siku hiyohiyo nitapasuka.

Nilikuwa na jogoo, nimepewa na mchuuzi niliyembebea magunia ya dagaa. Bibi alikuwa amekwenda msibani kwa jirani. Angekuwepo ningemuuliza, au pengine nisingemuuliza, maana haraka ndiyo ugonjwa wangu. Kwetu mgeni anayejua adabu humchinjia mwenye nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Nikamchinja uani, nikampika kwenye sufuria kubwa ya bibi, nikampakua kwenye bakuli, nikatandika mkeka.

Bibi aliporudi alinusa, akatabasamu.

"Kachinja nani?"

"Mimi, Bibi," nikajibu, kifua mbele.

Tabasamu likamtoka. Akaketi kwenye kigoda, akatazama sufuria.

"Mwanangu, sisi hatuli asichochinja Mwislamu. Na sufuria ni hiyohiyo ninayopikia."

Nilisikia damu ikinipanda usoni. Chumba kimekwenda, nikajua. Nikaanza kukunja shuka ya mama kabla hata sijafukuzwa, ndivyo nilivyo. Nikaketi, nikasimama, nikatoka uani, nikarudi. Kichwani nilikwisha kumfikisha mama kambini na nilikuwa natafuta pa kumlaza. Nilimkasirikia bibi, nikamkasirikia jogoo, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe, msomaji mzima nisiyejua hata mwenye nyumba wangu anakula nini.

Bibi aliinuka kigodani. Aliwasha moto, akakaanga dagaa, akasonga ugali kwenye chungu kidogo, akaja navyo kwenye mkeka uleule.

"Sufuria hiyo chukueni iwe yenu," akasema. "Mkikaa hapa mtapikia nini?"

Nilisimama tu na shuka mkononi. Mama, ambaye hakuwa ameonja nyama tangu tukimbie, alilitazama bakuli la kuku kwa muda, kisha akalisukuma kwangu.

"Kula weye, ndiye umechinja," akasema. "Mi ninakula na dada yangu."

Wakamega ugali kutoka sahani moja, wakaulizana habari za watoto. Mimi nikabaki na jogoo mzima. Nilikula paja moja na halikuteremka vizuri. Nikaiweka shuka chini, nikasogea kwa magoti, nikaomba nafasi kwenye sahani yao.

Bibi aliangalia vidole vyangu vilivyojaa mafuta.

"Nawa kwanza," akasema, akajisogeza kunipisha.