Tinamu na Jicho la Baba

Shaka iliyoninyima usingizi ilikuwa moja: nikikubali baba apasuliwe, kisha akapofuka, nitamwambia nini?

Nakumbuka siku tuliyopewa karatasi ya kuridhia upasuaji, wadogo zangu mnaosoma nyuma yangu. Nilikuwa nimehitimu juzijuzi masomo ya wanyama, na kwetu Bondeni msomi wa nyumba ndiye anayeachiwa neno. Baba, mshona kofia za mkono, ana presha ya macho. Alinipa kalamu.

"Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Ukisema twende, twende."

Nikaomba siku mbili nisome kwanza. Zikawa wiki, zikawa miezi. Kila nilichosoma kilinizalia swali jingine. Baba akiniuliza nimefikia wapi, nilimgeuzia maneno. Jioni moja nikamhadithia tinamu, ndege niliyemwandikia tasnifu.

Tinamu huishi ardhini huko Amerika Kusini, mfano wa kwale wetu. Jike hutaga mayai yanayong'aa kama kaure, akaenda zake. Dume huyaatamia peke yake na vifaranga akavilea mwenyewe. Hapo baba alicheka, maana mama alipofariki alitulea sisi watatu kwa sindano yake.

"Kumbe nna jamaa ng'ambo," akasema. "Na akija adui, hufanyaje?"

Nikamwambia huganda palepale kwenye nyasi. Mabawa anayo, lakini moyo wake ni mdogo mno na huchoka upesi, basi hungoja mpaka akaribie kukanyagwa ndipo aruke.

Baba alikuwa akipapasa kofia mapajani, akitafuta kitobo alichokuwa akikizungushia uzi. Hakukipata.

"Jicho la kushoto halioni tangu Ijumaa," akasema. "Sikukwambia. Nilikuona una mawazo."

Daktari alisema lililopotea halirudi. Ningetia sahihi mapema, pengine lingebaki. Hiyo "pengine" ndiyo nitakayozeeka nayo.

Basi nawausia, wadogo zangu: mkiachiwa neno juu ya maisha ya mtu, ulizeni wanaojua, mjiwekee siku, na siku hiyo ikifika mseme. Msimfanye mtu alipie hofu yenu. Mola awape wepesi nilioukosa, na awahifadhie wazee wenu macho yao.

Jicho la kulia lina maradhi yaleyale. Hata leo sina hakika. Asubuhi nimetia sahihi, nikamshika baba mkono hadi hospitali, na sasa hivi wamemwingiza ndani.