Nili-upgrade programu ya kuchapa, nikampoteza dada Tumpe

Habari za humu wakuu. Nitakayoandika ni kweli tupu, na sina ninapojitetea.

Miaka ile ya soko huria, kila mtu anafungua kibiashara chake, mimi nilikuwa na ofisi ya kuchapa pale Kyela mjini. Kompyuta moja ya mtumba, printa moja, na mchapaji mmoja: dada Tumpe wa Ipinda, mjane mwenye watoto watatu.

Software yetu ilikuwa ya zamani. Haina mouse. Kioo cheusi, herufi nyeupe kubwa, kila kitu unaamrisha kwa vitufe.

Dada Tumpe alipenda mteja amsomee, yeye achape huku anatazama ukutani. Hakosei. Watu walimfuata hata kutoka Matema.

Shida ikaja kwenye diskete. Za wateja kutoka Mbeya hazifunguki kwetu, zetu hazifunguki kwao.

Niliwaza wiki nzima: ni-upgrade au niache? Nikamuuliza.

"Kaka, niachie hii hii. Mikono imeizoea."

Nikamjibu, "Dada, tutaachwa nyuma."

(Nilijiona mjanja kweli.)

Nikaweka mpya. Vialama vidogo vidogo, mouse, herufi kama sisimizi. Dada Tumpe akawa anakaribia kugusa kioo kwa pua. Barua moja, asubuhi nzima.

Siku moja akakosea jina la marehemu kwenye ratiba ya mazishi. Nikafoka mbele ya wafiwa: "Kama umeshindwa kujifunza, sema!"

Alijifunga kitenge, akanong'ona "Ndaga, kaka", yaani asante, akatoka.

Nilikaa wiki mbili nikisubiri arudi mwenyewe. Kiburi tu.

Nilipomfuata kwao Ipinda, alikuwa amekaa mlangoni. Nikasimama mbele yake, hatua mbili hivi. Akainua uso.

"Mugonile," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Karibu. Unamtafuta nani?"

Wakuu, hakunitambua; ikabidi nijitaje.

Mama yake ndiye aliyenieleza: macho yalianza kufa siku nyingi. Alificha, akihofia nitamwachisha kazi. Hospitali walishasema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi.

Miaka minne tulifanya kazi chumba kimoja. Sikuona.

Nikamwambia dada Tumpe nitarudisha ile programu ya zamani, nitakuwa namsomea mimi mwenyewe.

"Hapana, kaka. Wale wafiwa ni majirani zangu. Pale sirudi."

Hakurudi.

Nilichojifunza: mtu akikwambia "niachie hii", muulize kwa nini, kisha nyamaza usikilize.

Kama kuna aliyewahi kumuumiza mtu namna hii akasamehewa, aniambie alianzia wapi.