Sura ya Nne

Nakala pekee ya kitabu cha Profesa Bwanaheri ilipofika Mbwera, wanawake wa kikundi cha mpunga waliigawana kama wanavyogawana juzuu kwenye hitima: kila mtu na sura yake, wote wakimaliza, kitabu kimesomwa. Walikichana kwenye gundi bila huruma. Zuena akapata sura ya nne.

Ilikuwa ngumu kama kisiki. Sentensi ilianza Jumatatu, Alhamisi bado hujaiona nukta. Zuena, na darasa la saba lake, aliing'ang'ania msimu mzima huku akiamia ndege shambani wasile mpunga, mpaka akaielewa. Alichokielewa kilimchoma: Profesa, mzaliwa wa Mchukwi hapo, ameandika kwamba wakulima wa delta ndio wanaoiua mikoko, na dawa yao ni kuhamishwa.

Profesa alipokuja kuwasalimia, Zuena hakuupokea mkono wake.

"Umetuuza, Profesa. Tena kwa maneno marefu."

"Umeisoma yote?"

"Mpaka nukta ya mwisho."

Profesa alitabasamu. "Basi soma mbele, dada'ngu."

Zuena akaona anakejeliwa. Hakusoma mbele.

Mwaka huu redio ikatangaza msiba wa Profesa. Kikundi kizima kikamsifu marehemu. Zuena, kwa ubishi tu, akaenda kwa Mwajabu, mwenzake wa kikundi, kuomba sura ya tano. Mwajabu aliitoa chini ya godoro, safi kabisa. Ilikuwa imemshinda tangu mstari wa kwanza, akaona haya kusema.

Mstari wenyewe ulisema kwamba yaliyotangulia ni maneno ya maofisini, na mwandishi ameyaeleza kwa nguvu zake zote ili asije akaambiwa ameyapunja. Sasa ataonyesha kwa nini si kweli.

Zuena alikaa chini. Kurasa sitini zilizofuata zilimtetea yeye na shamba lake. Alilia, na aibu ilikuwa kubwa kuliko huzuni.

Siku ya arobaini alipanda boti, akashika gari mpaka Mchukwi, akamweleza yote Salama, dada wa marehemu, bila kujipamba.

"Kumbe ndiye wewe!" Salama alisema. "Alikuwa akitusimulia. Watu wanavisifu vitabu vyake hata hawajavifungua. Akasema, Mbwera yuko mmoja aliyeninyima mkono, na huyo ndiye aliyenisoma."

Zuena alikuwa amekuja kuomba radhi, na mwenye kuitoa walikuwa wameshamzika.