Beji Iliyotazama Ndani

Leo nimefungua balo la mitumba hapa Kabondo, harufu ya naftalini ikanipanda puani, nikamkumbuka mama na wembe wake nilipokuwa mtoto. Kabla ya kupeleka makoti ya marubani sokoni, alifumua kila beji ya kitambaa, maana kwetu raia akivaa alama ya jeshi, askari wa vizuizi vya barabarani hawana mchezo. Mimi nilizikusanya katika kopo la maziwa na kuzitambua kwa picha: tai, nyota, mabawa. Moja niliipenda kuliko zote. Ilidariziwa ndege ya kijeshi, na chini yake vitu vyeusi vimepangwa mistari kama nsafu, yale matunda yetu, kwenye meza ya muuzaji.

"Mama, huyu rubani alivuna nsafu mingi!"

Mama akaacha wembe.

"Hapana nsafu, mutoto yangu. Iko mabombe. Kila safari ya kutupa, alama moja."

"Alikuwa anatupia nani?"

"Batu benye balikuwa chini."

Jioni ile aliziba tundu la sketi yangu ya shule kwa beji hiyohiyo, akigeuza picha ndani ili askari wasiione. Mwaka mzima nilikwenda shule mabombe yakinikwaruza paja.