Maharage Mia Moja

Asubuhi moja, enzi za Mwingereza, niliteremka kilima cha Ngara bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimechoka kubeba maji kwa mwenye duka mmoja, mtu wa pwani. Hatukugombana. Nilifuata njia tu, na adhuhuri ikanikuta Mbuba, mbele ya shule yenye kuta za udongo na paa la nyasi. Wanafunzi walikuwa nje, wamechuchumaa kuzunguka miraba miwili iliyochorwa ardhini.

Mimi niliacha shule kabla ya kufika kwenye asilimia, kwa hiyo nilisimama kutazama.

Kila mraba ulikuwa na vyumba mia moja, kumi kwa kumi, na kila chumba kilikuwa na punje ya harage. Mwalimu, kijana wa Biharamulo, alinieleza huku akitazama njia. Padri mkaguzi angefika jioni hiyo. Watoto wakishindwa asilimia, darasa la juu lingefungwa: wao wangerudi shambani, na yeye angerudi kwao.

Makundi yalikuwa mawili. Kundi lililowahi kutoa punje sawasawa lilishinda, na lililoshindwa liliwaimbia wenzao.

"Panya wamekula asilimia ishirini," mwalimu alitangaza.

Makundi yote mawili yaliondoa kwanza mstari mzima, yakauweka pembeni, ndipo yakaanza kuhesabu. Yote yakatoa kumi na nane.

"Ni ishirini," mwalimu alisema. "Huu mstari mmeuweka pembeni wa nini?"

"Mbegu, Mwalimu," msichana mmoja akajibu.

"Nani ametaja mbegu hapa?"

"Haitajwi. Inatolewa tu."

Ndivyo ilivyokuwa majumbani mwao. Siku ya kupura, mbegu hutengwa kabla ya chochote, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kutundikwa juu ya moshi. Baada ya hapo hakuna anayeihesabu kuwa chakula.

"Na panya nao wanajua kwamba ile ni mbegu?"

"Wa kwetu wanajua," alisema mvulana wa kundi la pili. "Wa kwao huyu ndio hawana adabu."

Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliyazoa maharage akayarudisha kapuni, akawatuma kuokota changarawe, kwa kuwa changarawe hazipandwi. Kuanzia hapo hawakukosea tena, hata alipowauliza robo tatu.

Padri alifika akisukuma baiskeli.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Aliziangalia changarawe, kisha akaliangalia kapu. "Maharage mnayo, mnahesabu mawe ya nini? Pangeni hayo maharage. Nionyesheni asilimia ishirini."

Msichana yule akaondoa mstari wa kwanza. Mwalimu akainamisha kichwa. Msichana alitoa punje kumi na nane, akaziweka miguuni pa padri.

"Pungufu," padri alisema.

"Pungufu ya nini, Padri?"

"Ya mia."

"Chakula hapa ni tisini. Ile kumi ni mbegu. Ukitaka tuchanganye na mbegu, naongeza mbili." Akaziongeza. "Lakini mwakani Padri atapanda nini?"

Padri alichuchumaa. Alimuuliza msichana mbegu ni asilimia ngapi ya yote, naye akajibu kumi. Akawauliza wengine nusu ya chakula ni ngapi. Wakasema arobaini na tano kwa sauti moja.

"Mwalimu, wazoeze kuuliza kwanza: asilimia ya nini?" alisema akiinuka. "Darasa liendelee."

Akaendelea na safari yake kabla jua halijatua. Watoto nao walitawanyika wakibishana ni kundi gani linalopaswa kuimba.

Nilimuuliza mwalimu kama kuna mahali pa kulala. Alinipeleka nyumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya shule. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kamba, na mkeka umeviringishwa juu yake. Alihangaika na fundo kwa muda, akanipa upande mmoja nimsaidie kulifungua. Kisha akautandika mkeka, akaniambia nilale upande wa ukutani.